Hosea 11, Yeremia 2, Mika 6 au Isaya 5: usome ipi na watu wako?

“Nikuacheje, Efraimu?” “Baba zenu wameona dhuluma gani ndani yangu?” “Enyi watu wangu, nimekutenda nini?” “Mbona lilizaa zabibu-mwitu?” Manabii wanne, maswali manne, na anayeuliza ni mmoja.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyepewa zamu ya kuongoza somo la toba: kwenye jumuiya, kikundi cha akina mama, mkesha wa vijana, au nyumbani tu na watoto wake. Ameshaamua kwamba hataki somo la kufokea watu. Anatafuta pale ambapo Mungu mwenyewe anaumia kwa kuachwa. Anafungua Biblia, anakuta sehemu za namna hiyo ni nyingi, anachukua ya kwanza anayoikumbuka, na mara nyingi inakuwa haiwafai waliokaa mbele yake.

Nimesoma sura hizi na watu kwa miaka mingi. Ukiniuliza namna ya kuchagua, nitakwambia usianze na jina la nabii wala urefu wa sura. Anza na swali. Katika kila sehemu hizi Mungu anauliza, na maadamu anauliza, mlango haujafungwa. Lakini maswali yenyewe hayafanani. Liko linalomtaka msikilizaji ajibu, liko linalomtaka aamue kesi, na liko moja ambalo Mungu anajiuliza mwenyewe, nasi tunalisikia kama mtoto aliyeamka usiku, akapita karibu na chumba cha wazazi, akamsikia baba yake analia.

Hosea 11: swali ambalo Mungu anajiuliza

Hosea alisema na ufalme wa kaskazini, Israeli, ambao mara nyingi anauita Efraimu kwa jina la kabila lake kubwa. Alianza siku za Yeroboamu wa Pili, nchi ikiwa imeshiba, akaendelea hadi mambo yalipoharibika. Yeroboamu alikufa katikati ya karne ya 8 KK, na baada yake wafalme sita walipokezana kiti kwa muda wa miaka 25 hivi. Wanne kati yao waliuawa na watu waliokalia kiti baada yao. Leo walikimbilia Misri kutafuta msaada, kesho Ashuru. Mwaka 722 KK Samaria ikaanguka.

Kwa hiyo sura ya 11 inasemwa juu ya nchi inayokata roho, na Mungu anachokumbuka saa hiyo ni utoto. “Israeli alipokuwa mtoto, nalimpenda.” Anakumbuka alivyomfundisha kwenda kwa miguu, alivyombeba mikononi. Kila mzazi aliyewahi kumshika mtoto anayesimama dede, akamwachia kidole kimoja huku mkono mwingine uko tayari kumdaka, anaielewa picha hii bila mwalimu. Ndiyo maana naiweka mbele ya nyingine zote kwa kikundi kinachoanza. Haihitaji ramani wala orodha ya wafalme kabla ya kugusa moyo.

Inahitaji, hata hivyo, maelezo ya maneno mawili matatu kama mnatumia Biblia ya tafsiri ya Union Version, ile ya 1952. Mstari wa 4 unasema Mungu alikuwa kama wale “waondoao kongwa tayani mwao”, kisha “nikaandika chakula mbele yao”. Vijana wanacheka: chakula kinaandikwaje? Waambie kuandika chakula ni kukipakua na kukipanga tayari kwa kuliwa, Kiswahili cha wazee wetu. Na kongwa usilipite haraka. Kwa Kiebrania ni nira ya ng’ombe, lakini masikioni mwa watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki neno hilo lilibeba pia ule mti wa panda waliofungwa shingoni watu waliopelekwa utumwani. Waliotafsiri walichagua neno zito. Mungu anasema yeye ndiye alikuwa anainua kitu hicho kutoka shingoni ili mtu apate kula. Wako wataalamu wanaozisoma herufi zile zile za Kiebrania kuwa “mtoto mchanga” badala ya “nira”, na hapo picha inakuwa ya mzazi anayemwinua mtoto hadi shavuni pake. Mimi siwezi kuamua kwa niaba yenu, ila kwa kikundi cha wazazi wachanga ningesoma zote mbili, nikawaacha wakae nazo kidogo.

Kisha linakuja swali. “Nikuacheje, Efraimu?” Kiswahili hapa kina bahati. Neno moja, nikuacheje, linabeba anayeacha, anayeachwa, kitendo chenyewe na swali lake. Mimi, wewe, kuacha, vipi. Lisome polepole, usiharakishe kwenda “Nikuachilieje, Israeli?”

Anaendelea: “Nikufanyeje kama Adma? Nikuwekeje kama Seboimu?” Hii ni miji iliyoteketezwa pamoja na Sodoma na Gomora, na Kumbukumbu la Torati 29 inaitaja yote minne kwa pamoja. Katika Mwanzo 19, Mungu alipoipindua miji ile, Kiebrania kimetumia kitenzi kile kile ambacho Hosea anakitumia anaposema, “Moyo wangu umegeuka ndani yangu.” Yaani kilichostahili kuupata mji kimeupata moyo wa Mungu. Kupinduliwa kumetokea, lakini kumetokea ndani yake yeye. Nilipolijua hili sikuweza tena kuisoma sura hii kwa sauti ya kawaida, na kila ninapofundisha natenga dakika za kutosha hapa hata kama mengine yatabaki.

Sasa upande mgumu. Hosea 11 inamfaa zaidi mtu aliyewahi kupendwa na mzazi. Kwa aliyelelewa kwa kipigo, au ambaye neno “baba” halimletei sura ya mtu yeyote, picha hii inaweza kuwa ukuta. Usimlazimishe. Na usiruke mistari ya 5 hadi 7, yenye upanga na Ashuru, ili ufike upesi kwenye huruma ya mstari wa 8. Ukiiruka, huruma inakuwa ya bei rahisi. Mtu mwenye akili atakuuliza pia: kama Mungu alisema hatatimiza ukali wa hasira yake, mbona Samaria ilianguka? Ni swali halali. Jibu langu ni kwamba anguko lilikuja, lakini halikuwa la Adma na Seboimu. Mungu hakuacha kumtaja Efraimu, na zaidi ya miaka 100 baadaye tunamsikia bado anamtaja. Nitarudi huko mwishoni.

Yeremia 2: swali kwa waliozoea

Yeremia alitoka Anathothi, katika nchi ya Benyamini, kutoka ukoo wa makuhani. Aliitwa mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, ambao huhesabiwa kuwa 627 KK, akaishi hadi akaiona Yerusalemu ikichomwa na Wababeli mwaka 586. Sura yake ya pili inaanza kama Hosea, kwa kumbukumbu, lakini hapa si mtoto anayekumbukwa. Ni bibi arusi: “upendo wa wakati wa uposo wako, jinsi ulivyonifuata jangwani.” Mungu anamkumbusha mchumba wake siku walizokuwa hawana kitu, naye alikuwa tayari kumfuata kwenye nchi isiyopandwa.

Swali lake ni kali kwa namna ya upole: “Baba zenu wameona dhuluma gani ndani yangu, hata wakafarakana nami?” Hili ni swali la mtu aliyeachwa bila kuambiwa sababu. Linganisha na Hosea. Kule Mungu anajiuliza atafanya nini, hapa anauliza alikosa nini. Na hakuna anayejibu. Ukiitazama sura utaona hata walioasi hawakumkasirikia kwa jambo lolote. Waliacha tu kuuliza. Mstari wa 8 unawataja makuhani kwanza, kwamba hawakusema, “Yuko wapi BWANA?” Waliendelea na ibada, sheria wakaishika mikononi, na Mwenyewe hawakumtafuta.

Kwa sababu hiyo nampa Yeremia 2 mtu anayeongoza semina ya wazee wa kanisa, makatekista, wanakwaya na wainjilisti. Wale ambao Hosea 11 itawapita kwa sababu wameshaisikia mara 40. Watu waliozoea mambo matakatifu hawaguswi tena na machozi. Wanaguswa wakiulizwa kitu ambacho hawana jibu lake.

Picha kuu ni ya mstari wa 13: wameniacha mimi, chemchemi ya maji ya uzima, “na kujichimbia mabirika, mabirika yavujayo, yasiyoweza kuweka maji.” Siku hizi ukisema birika mtu anaona birika la chai. Waeleze kwamba hapa ni tangi lililochongwa kwenye mwamba kukusanya maji ya mvua, na wa pwani wenye umri watakumbuka birika la udhu msikitini. Kwenye milima ya Yuda jiwe ni chokaa, lina nyufa, kwa hiyo birika lilipigwa lipu ya chokaa ndani. Lipu ikipasuka, kazi yote ya nyundo na patasi imepotea bure, na utagundua wakati wa kiangazi, wakati huna pa kwenda. Chemchemi ilikuwa karibu na haikuhitaji kuchimbwa. Kinachouma katika mstari huu ni jasho. Walifanya kazi ngumu ili wapate maji mabaya kuliko yale waliyopewa bure. Mstari wa 18 unalipeleka jambo hilo kwenye siasa: mnakwenda Misri kunywa maji ya Mto Nile, mnakwenda Ashuru kunywa maji ya Frati, mnatafuta nini? Na Yeremia mwenyewe, miaka mingi baadaye, aliteremshwa kwa kamba katika birika moja la Yerusalemu lisilokuwa na maji ila matope, akazama humo. Sura ya 38 inasimulia. Alichokisema kwa mfano, mwili wake ulikionja.

Ubaya wa sura hii kwa mwalimu ni kwamba ina mistari 37 na picha zinapishana haraka: ngamia, punda wa mwitu, mzabibu, mwizi, mti unaoitwa baba. Kikundi kinachoka. Soma 1 hadi 13, ruka hadi 31 na 32, pale anaposema mwanamwali hawezi kusahau mapambo yake, “lakini watu wangu wamenisahau mimi siku zisizo na hesabu.” Inatosha. Na kuanzia mstari wa 20 lugha inakuwa ya uzinzi na ukahaba, nayo ina matatizo yake, nitayataja chini.

Mika 6 na Isaya 5: Mungu anapokwenda kwa mashahidi

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu waliozisema waliishi wakati mmoja, mwishoni mwa karne ya 8 KK, wote Yuda. Isaya alikuwa mtu wa Yerusalemu, mwenye kufika kwa wafalme. Mika alitoka Moreshethi, mji mdogo wa nyanda za chini, upande ambao majeshi hupitia na wakulima hupoteza mashamba. Wote wawili wanamweka Mungu mahali pa mtu mwenye shauri, anayetaka lisikilizwe mbele ya watu.

Kwa Mika mashahidi ni milima na misingi ya dunia. Kila kitu kimepangwa kama baraza, unangojea mashtaka, kisha Mungu anafungua kinywa na anachosema ni: “Enyi watu wangu, nimekutenda nini? Nami nimekuchosha kwa habari gani?” Mlalamikaji anajiuliza kama kosa ni lake. Kwa Kiebrania kuna mchezo wa sauti ambao tafsiri haiwezi kuubeba: “nimekuchosha” na “nalikupandisha” kutoka Misri ni maneno yanayokaribia kufanana kabisa. Ni kama Mungu anasema, mnasema nimewachosha, mimi ninachokumbuka ni kuwapandisha. Halafu anawataja Musa, Haruni na Miriamu. Akina mama wa kikundi chochote watafurahi kumwona Miriamu pale, akihesabiwa sawa na kaka zake.

Mika 6 ni fupi na ni rahisi kuifundisha kwa jioni moja, mstari wa 1 hadi wa 8 tu. Inawafaa vijana, na inawafaa sana wafanyabiashara, kwa sababu ukiendelea hadi mstari wa 10 na 11 unakuta vipimo vilivyopunguka, mizani ya udhalimu na mfuko wa mawe ya kupimia ya udanganyifu. Mkulima aliyewahi kuuziwa kwa mizani iliyochezewa, au kulazimishwa kujaza gunia la lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida, haoni hapa habari za zamani. Hasara yake ni mstari wa 8. Kila mtu anaujua: kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Umeandikwa kwenye kalenda na kanga. Watu wanaurukia, na ukisomwa peke yake unakuwa orodha ya wajibu. Ulipo, unafuata baada ya mtu aliyechanganyikiwa kuuliza alete kondoo maelfu, au mito ya mafuta, au hata mzaliwa wake wa kwanza. Mungu ameuliza, “nimekuchosha?”, na binadamu anajibu kwa kuulizia bei. Mpe msikilizaji wako nafasi ya kuona hivyo kabla ya kufika kwenye mstari wa kalenda.

Wakatoliki wanaufahamu mstari wa 3 pia kutoka Ijumaa Kuu, katika nyimbo za lawama zinazoimbwa wakati wa kuabudu msalaba. Nami nalisema hili kwa uzito: kwa karne nyingi huko Ulaya lawama hizo zilisikika kama mashtaka dhidi ya Wayahudi, na damu ilimwagika. Mika alikuwa Myahuda akisema na watu wake. Anayeyasoma leo akae mwenyewe kwenye benchi la mshtakiwa, asimweke mwingine. Wayahudi nao wanalisoma fungu hili hili katika sinagogi kila mwaka, siku ya Sabato inayosomwa habari za Balaki na Balaamu, na wanaulizwa wao.

Isaya 5 ni mtego. Inaanza kama wimbo wa mpenzi na shamba lake la mizabibu. Amelima kwenye kilima chenye rutuba, ametoa mawe, amepanda mzabibu mzuri, amejenga mnara wa mlinzi, amechimba shinikizo la kukamulia zabibu. Anayelima zabibu Dodoma atawaambia wenzake hiyo ni kazi ya miaka. Mavuno yanakuja machungu. Kisha wenyeji wa Yerusalemu wanaambiwa waamue kati ya mwenye shamba na shamba lake. Wanapokwisha kukubali kwamba shamba halifai, mstari wa 7 unawaambia kuwa shamba ni wao. Mungu alitazamia *mishpat*, haki, akaona *mispah*, dhuluma. Alitazamia *tsedaqah*, uadilifu, akasikia *tse’aqah*, kilio. Herufi chache zinatenganisha alichokipanda na alichokivuna, na kwa mbali mtu angeweza kudhani ni kitu kimoja.

Chagua Isaya 5 kama kikundi chako kina watu wepesi kuhukumu. Chagua hii pia kama mahali mnapoishi pana ugomvi wa ardhi, kwa maana neno linalofuata mara moja, mstari wa 8, ni ole kwa wanaoongeza nyumba juu ya nyumba na shamba juu ya shamba hadi hakuna nafasi. Lakini usiichague kwa watu waliovunjika. Wimbo unaishia kwenye ua uliobomolewa na mawingu yaliyokatazwa kunyesha, hakuna neno la kurudi. Kama ni lazima uisome kwao, funga kwa Isaya 27 mistari ya 2 hadi 5, ambapo shamba linaimbiwa upya na Mungu mwenyewe analimwagilia kila dakika na kulilinda usiku na mchana.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili ipi ina huzuni zaidi, nasema Mika. Isaya 5 ina uchungu wa mtu aliyepata hasara. Mika 6 ina uchungu wa mtu ambaye bado anataka kueleweka.

Ambazo singeanza nazo

Ezekieli 16 ina mistari 63 na inaanza kwa picha nzito kuliko zote: mtoto mchanga wa kike aliyetupwa uwandani, hajakatwa kitovu, hajaoshwa, Mungu anapita na kumwambia, ishi. Wengi wanaijua hadi hapo tu na kuipendekeza. Inavyoendelea, mtoto anakua, anaolewa na aliyemwokota, anamwacha, na adhabu yake inaelezwa kwa kuvuliwa nguo mbele ya watu, kupigwa mawe na kukatwa kwa panga. Hosea 2 nayo ina mume anayetishia kumvua mkewe.

Niliwahi kuisoma Ezekieli 16 nzima mbele ya akina mama, nikiamini kwamba mwisho wake wa agano la milele utayafunika yote. Mmoja wao aliinuka katikati, akatoka nje, akakaa chini ya mwembe hadi tulipomaliza. Baadaye alinieleza nyumbani kwake kulivyokuwa. Alisikia sauti ya mumewe katika maneno ya nabii, na mimi ndiye niliyeisoma. Sijaisoma tena kwa namna ile. Nimefarijika kiasi kujua kwamba hata walimu wa Kiyahudi wa zamani walibishana juu ya sura hii: Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, imeandika kwamba Rabi Eliezeri alikataa isisomwe hadharani kama somo la manabii.

Ni Maandiko, na ina mahali pake, pamoja na watu wazima walioandaliwa, kwa vipande, na kwa kusema wazi tangu mwanzo kwamba nabii anaeleza kuanguka kwa mji kwa lugha ya ukatili wa zama zake, wala hampi mume yeyote ruhusa ya kumdhalilisha mkewe. Kama humjui vizuri kila aliyekaa mbele yako, chagua nyingine. Ukitaka Ezekieli, kuna 33:11, sentensi moja, na swali lake linatosha kwa mkesha mzima: “Mbona mnataka kufa, Enyi nyumba ya Israeli?”

Kwa aliyempoteza mtoto

Nimeacha moja ya mwisho kwa sababu haitumiki sana na ndiyo ninayoipenda. Kama katika kikundi chako kuna wazazi ambao mtoto wao ameondoka, yuko mjini hapigi simu, ametumbukia kwenye madawa, au amekufa kabla ya kupatana nao, usiwape Hosea 11 peke yake. Wape Yeremia 31, mstari wa 15 hadi wa 20.

Efraimu hapa hayupo tena. Samaria imeanguka zamani na watu wake wametawanywa hadi nchi za Ashuru, na Yeremia anaishi zaidi ya karne moja baada ya Hosea. Huko Rama, katika nchi yake ya Benyamini, anamsikia Raheli, mama yake Yusufu aliyemzaa Efraimu, akilia watoto wake, anakataa kufarijiwa kwa kuwa hawako. Kisha anamsikia Efraimu mwenyewe, kutoka huko aliko, akijililia kama ndama asiyezoea nira. Kisha anamsikia Mungu: “Je! Efraimu siye mwanangu mpendwa?” Kila ninenapo juu yake, asema, ningali nikimkumbuka sana. Kwa Kiebrania ni matumbo yake yanayotaabika, na “bila shaka nitamrehemu” ni kitenzi kimoja kilichorudiwa mara mbili, chenye mzizi ule ule wa neno la tumbo la uzazi. Kiswahili kimeupokea mzizi huo kwa njia ya Kiarabu: rehema, Rahmani, Rahimu, hata marehemu, aliyerehemiwa. Binti ya Hosea aliitwa Lo-ruhama, asiyerehemiwa, kwa mzizi huo huo. Hapa jina lake linafutwa.

Wayahudi husoma sehemu hii katika siku ya pili ya Mwaka Mpya wao, na somo linakoma hapo kwenye mstari wa 20, katika neno la kurehemu.

Isomeni kwa sauti tatu. Mpe mama mmoja mstari wa Raheli. Mpe kijana wa kiume maneno ya Efraimu, naye ayasome akiwa amesimama mlangoni, nje ya duara. Ya Mungu yasomwe na mtu mzima mwenye sauti ya chini, akimwelekea yule wa mlangoni. Swali likishaulizwa, nyamazeni, na kijana aachwe aamue mwenyewe lini ataingia kukaa.